Mto wangu ulifurika kabla mvua haijanyesha

Kwa wiki 3 nzima nilikuwa na mto unaofurika leo kwa mvua itakayonyesha kesho.

Ulikuwa mto wa kwenye kompyuta: mstari wa buluu unaopanda na kushuka, na juu yake mvua imechorwa kwa nguzo zinazoning'inia kutoka dari la grafu. Nguzo ndefu kuliko zote ilikuwa tarehe 9. Kilele cha mto kilikuwa tarehe 8. Mtu yeyote aliyewahi kukaa ng'ambo ya korongo akisubiri maji yapungue angeniambia papo hapo kwamba hapa pana jambo. Mimi mwenye shahada nilikaa ofisini hadi saa 2 usiku nikiibembeleza modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayogeuza mvua kuwa maji ya mto, ikubali.

Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja, ndiyo kwanza amemaliza chuo, aliniuliza: "Kaka, mvua zangu zote ziko Excel, nazipelekaje kwenye DSS?" DSS ni faili ambamo modeli yetu husoma data zake. Jibu la swali lake ni la dakika 10. Nilimpa. Halafu nikajiona mnafiki, kwa sababu dakika zile 10 hazikunisumbua hata mimi. Kilichonisumbua kilikuwa kabla na baada yake, na ndicho ninachokiandika hapa.

Nilipata mkataba wa miezi 5 na ofisi moja ya ushauri, niandae modeli ya mafuriko ya mto mdogo unaoshuka kutoka milima ya Ukaguru kuingia bonde la Wami. Anayeijua Kilosa, wilaya ya huko mkoani Morogoro, hahitaji kuelezwa kwa nini kazi kama hiyo inafanyika. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha watu wengi wakiishi kwenye mahema, na reli ya kati kipande cha Kilosa hadi Gulwe imebebwa na maji mara nyingi kiasi kwamba wazee wa huko wanahesabu miaka kwa mafuriko.

Modeli yenyewe ni HEC-HMS, ya kituo cha uhandisi wa maji (HEC) cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, kilichoko Davis, California. Inapakuliwa bure, ndiyo maana utaikuta kila chuo cha maji huku kwetu. Ila data zake za mvua na mto kwa kawaida inazisoma kutoka kwenye faili la aina ya DSS, yaani ghala lililotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mifululizo ya wakati: thamani hii, ya mahali hapa, saa hii, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Kila mfululizo una anwani yenye vipande 6 vilivyotenganishwa kwa mkwaju. Wa kwangu wa kwanza ulikuwa hivi:

/WAMI/KITUO-4/PRECIP-INC/01JAN1990/1DAY/OBS/

Bonde, kituo, kinachopimwa, mwanzo wa kipande cha muda, hatua ya kupimia, na mwisho toleo (OBS, yaani iliyopimwa). Kipande kile cha tarehe kinawachanganya wengi: ukihifadhi mvua ya kila siku ya miaka 11 utaona anwani 11, kila mwaka ya kwake, kwa sababu data za siku zinafungwa kwa vifurushi vya mwaka mmoja mmoja. Data za kila saa zinafungwa kwa mwezi. Usishtuke, hujazalisha takataka. Ghala linajipanga lenyewe.

Daraja kati ya Excel na ghala hilo ni programu-jalizi. Ukishaiweka, ndani ya Excel inatokea menyu mpya: unafungua faili la DSS, unachagua anwani na kipindi, data zinamwagika kwenye kolamu. Au unafanya kinyume: unachagua kolamu yako, unajaza vile vipande 6, kipimo, aina ya data, tarehe na saa ya kuanzia, unabonyeza, zinaingia ghalani. Ni rahisi kweli, na mimi kitu rahisi hunifanya nisisome maelezo.

Siku 2 za kwanza ziliisha bila menyu kutokea. Niliondoa, nikaweka upya, nikaazima intaneti ya jirani nikapakua tena nikidhani faili lilikatika njiani. Kumbe toleo nililokuwa nalo lilijengwa kwa Excel ya biti 32, na Excel ya kompyuta yangu ilikuwa ya biti 64. Hizo hazipandani hata uzisukume vipi. Ningeangalia kwanza kwenye ukurasa wa akaunti ndani ya Excel, pale panapoeleza habari za programu yenyewe, pameandikwa waziwazi. Kijana wa TEHAMA alinitolea laptopu ya zamani kutoka stoo, kibodi yake haina herufi N, nikafanyia kazi hiyo. Kama na wewe menyu haitokei na biti zinalingana, bofya kulia faili ulilopakua, ingia kwenye sifa zake, utakuta Windows imeweka alama ya kulizuia kwa kuwa limetoka mtandaoni. Liruhusu, ukishahakikisha umelipakua mahali panapoaminika. Tangu 2022 Microsoft wamekaza sana upande wa makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, zinazotoka nje.

Basi, nikaanza na mvua. Madaftari ya kituo yalikuwa yameshaingizwa Excel na binti aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, miaka 11, mistari zaidi ya 4,000. Nikachora grafu ya haraka kuona sura ya mwaka, na kitu cha kwanza kilichonivutia ni Agosti. Kilosa, tarehe 12 Agosti, mvua kubwa ya kujaza ndoo. Nikasema labda mwaka ule ulikuwa wa ajabu. Nikaangalia mwaka unaofuata: Agosti 12, mvua. Julai 12, mvua. Juni 12, mvua.

Kompyuta iliyotumika kuingizia ilikuwa na mpangilio wa tarehe wa Kimarekani, mwezi kwanza. Binti aliandika 8/12/1993 akimaanisha tarehe 8 Desemba kama tunavyoandika sote, mashine ikasoma Agosti 12. Siku 12 za mwanzo za Desemba zikatawanywa, moja kwa kila mwezi, zote zikaangukia tarehe 12. Tarehe 13 Desemba na kuendelea hazikusomeka kabisa, maana hakuna mwezi wa 13, zikabaki kama maneno tu. Na miezi mingine yote ilikuwa na maradhi hayohayo. Desemba ilijitokeza kwa sababu ya mvua yake.

Dalili yake ipo mbele ya macho kabla hata ya grafu. Panua kolamu ya tarehe iwe pana sana. Tarehe halisi Excel huzisukuma kulia, maneno huyaacha kushoto. Kama kolamu yako ina nyingine kushoto na nyingine kulia, simama, usiipeleke popote. Mimi nilikuwa nimeipamba kwa kuiweka yote katikati, ikawa nzuri machoni, nikajiziba macho kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilirekebisha tarehe, nikarudi kuhifadhi. Hapa pana jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kwa data za hatua sawa, kama za kila siku, njia niliyoitumia haikuihitaji kolamu ya tarehe hata kidogo. Ilitaka mwanzo, ikataka hatua, halafu ikahesabu yenyewe: thamani ya kwanza siku ya kwanza, ya pili siku ya pili, mpaka mwisho. Kwa hiyo mstari mmoja ukikosekana katikati, kila kilicho chini yake kinapanda juu siku moja, na hakuna kengele itakayolia. Kwangu ilikosekana 29 Februari 1992. Binti hakuiruka kwa uzembe; ukurasa ulikuwa umechanika. Baada ya hapo data zote za miaka iliyobaki zilikuwa zinatembea siku moja mbele ya kalenda. Niligundua pale tu nilipozisoma tena kutoka ghalani na kukuta mfululizo umeishia 30 Desemba badala ya 31.

Tangu siku hiyo nina desturi: kabla ya kuhifadhi natengeneza kolamu ya kalenda kamili mwenyewe, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho bila pengo, halafu naita thamani zije zikae kwenye tarehe zake. Isiyokuwepo inaacha seli tupu. Na nikishahifadhi, nazisoma tena kutoka ghalani, naziweka kando ya zile za mwanzo, natoa moja kwa nyingine. Nataka kuona sifuri tupu kolamu nzima. Inachukua dakika 5.

Seli tupu nazo zina kisa chake. Kwenye lahajedwali la binti kulikuwa na namba, kulikuwa na vistari, na kulikuwa na nafasi tupu. Programu-jalizi haikuvipenda vistari, nami nikafanya kile ambacho kila mwenye haraka hufanya: nikaamuru Excel ibadilishe kila kistari na kila nafasi tupu kuwa 0. Sekunde 2. Nikajipongeza. DSS ina namna yake ya kuonyesha pasipo na data. Programu za HEC kwa miaka mingi zimetumia -901, namba ambayo mvua wala mto hauwezi kuifikia. Ukiacha pengo, ghala linajua ni pengo. Ukiandika 0, umeapa mahakamani kwamba siku hiyo haikunyesha. (Na ukisoma data kurudi Excel ukakuta wastani wa mvua ya Machi ni hasi, usiite mganga. Zitafute hizo -901 uzitoe kwenye hesabu.)

Kosa lililoniumiza zaidi, kwa maana ya kuumiza mtu mwingine, lilikuwa la anwani. Mwenzangu mmoja alikuwa na mtiririko wa saa kwa saa kutoka kifaa cha kujirekodi kilichofungwa darajani, miaka 2. Alikuwa ameuhifadhi kwenye faili letu la pamoja. Mimi nikapiga hesabu ya mtiririko kutoka kina cha maji cha daftarini, nikaujaza katikati ili nao uwe wa kila saa, nikauhifadhi. Kituo kilekile, FLOW, 1HOUR, na kipande cha mwisho nikaandika OBS kwa sababu ndicho nilichokizoea. Anwani ikawa moja. Thamani zangu zikakaa juu ya zake, kimyakimya, kama mtu aliyerekodi kaseti ya harusi juu ya kaseti ya mazishi. Hakuna kitufe cha kurudisha. Ctrl na Z inafanya kazi ndani ya Excel, ghalani haifiki.

Nakala ya asili ilikuwa kwenye flashi yake, na yeye alikuwa Songea kwenye msiba. Nilimpigia simu kumwomba radhi na kumpa pole kwa wakati mmoja. Siitamani tena simu ya namna hiyo. Flashi ilifika kwa basi baada ya siku 4.

Kipande kile cha mwisho cha anwani kipo kwa kazi hiyo hasa. Sasa hivi naandika pale data imetoka wapi na imefanywa nini: DAFTARI, DAFTARI-SAFI, KIFAA, KOKOTOO. Na faili la asili silifungui kwa programu-jalizi kabisa. Nanakili, natia tarehe kwenye jina, nachezea nakala.

Pamoja na yote hayo, nilifika mwezi wa tatu nikiwa na mvua ghalani, mtiririko ghalani, na modeli inayokwenda. Ndipo mto ukaanza kuagua.

Nieleze nilivyofikiri, kwa sababu ndipo palipo na aibu. Modeli ya aina hii ina namba unazoruhusiwa kuzigeuza: ardhi inameza kiasi gani, maji yanachukua muda gani kutoka mlimani hadi kituoni. Nilipoona kilele kilichopimwa mtoni kinaitangulia mvua, nilipunguza muda wa maji kusafiri. Nikapunguza tena. Nikafika mahali maji yalikuwa yanashuka kutoka kilele cha Ukaguru hadi darajani kwa dakika zisizotosha kuchemsha chai. Kilele bado kilitangulia. Nikaanza kuvuta namba za udongo, nikaiachia programu itafute yenyewe usiku kucha laptopu ikiwa imewekwa juu ya vitabu ipoe. Wiki 3. Sikurudi kwenye data hata mara moja, kwa kuwa nilishazisafisha, nilishazihakiki, kolamu yangu ya sifuri ilikuwa sifuri tupu. Kilichokuwa ghalani kilikuwa sawasawa na kilichokuwa Excel. Ulinganisho huo hauwezi kukuambia kama kilichokuwa Excel kilikuwa kweli.

Kwenye kikao cha ndani nilionyesha grafu nikiwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu udongo. Mhandisi mmoja, mama wa makamo ambaye hakuwa hata kwenye mradi wetu, aliangalia kidogo akaniuliza:

"Mdogo wangu, huu mto wako ni mganga?"

Watu walicheka. Nami nikacheka, kwa shida.

"Umeshaongea na anayesoma kipimo?"

"Bado, dada."

"Nenda kaongee naye."

Nauli ya basi hadi Kilosa, bodaboda hadi kijijini na gesti ya usiku mmoja nililipa mwenyewe, maana bajeti ya kwenda uwandani ilikuwa imeisha. Mzee nilimkuta anapalilia bamia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, wewe ndiye wa maji?"

Alinipeleka kwenye kipimamvua kwanza. Kiko nyuma ya nyumba, ndani ya kiua cha miti kuzuia mbuzi. Akatoa chupa ya ndani, akamimina maji polepole kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, akachuchumaa mpaka jicho lake likawa sambamba na maji, akasubiri yatulie, akasoma. Kisha akafungua daftari lililojaladiwa kwa gazeti, akaandika tarehe ya siku ile na namba.

"Mzee, mvua hii imenyesha lini?"

"Jana mchana. Ilimkuta mama yako shambani."

"Sasa mbona umeandika leo?"

Aliniangalia kama ananionea huruma. "Nimeisoma leo. Mimi naandika siku niliyosoma. Mvua siandiki ikinyesha, naandika ikiwa kwenye gilasi."

Kila asubuhi saa 3. Maji anayoyasoma leo saa 3 yalianza kukusanyika jana saa 3. Mimi niliihifadhi kama mvua ya siku inayoishia saa sita usiku wa leo, kwa sababu kwenye DSS thamani ya kipindi hubeba muhuri wa mwisho wa kipindi chake, na mwisho wa siku kwa kawaida ni 2400. Yaani mvua yangu yote ilichelewa kwa saa 15.

Tukashuka mtoni. Kwenye daftari la kina cha maji kulikuwa na kolamu ya saa, na ndani yake, ukurasa kwa ukurasa, 3, 10, 3, 10, 3, 10.

"Na hii 3, mzee?"

"Saa tatu."

"Ya asubuhi?"

"Saa tatu ya asubuhi. Na kumi ya jioni."

Binti alichapa 3:00 na 10:00. Excel ikasoma 3:00, ambayo kwa lugha yetu ni saa tisa usiku. Kwa mujibu wa faili langu, mzee huyu aliamka saa tisa usiku, kila siku, miaka 11, akashuka mtoni gizani kusoma kipimo, akarudi saa nne asubuhi kusoma tena, halafu mchana kutwa na jioni hakukanyaga. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mti.

"Saa tisa usiku mimi nikafanye nini mtoni?"

Mto umetangulia saa 6, mvua imechelewa saa 15. Jumla 21. Hakuna udongo duniani unaoweza kuziba hapo.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha picha ya ukurasa mmoja wa zamani wa daftari lake la mvua, wenye kistari na mahali patupu.

"Kistari, hakuna mvua."

"Na hapa pasipo na kitu?"

"Hapo nilikuwa nimelazwa. Wiki mbili. Malaria ilinipanda kichwani."

Wiki mbili hizo zilikuwa mwishoni mwa Machi, katikati ya masika. Ghalani kwangu zilikuwa sifuri 14.

Marekebisho yalichukua siku 11, nyingi zikiwa za kurudi kwenye madaftari kutofautisha kistari na nafasi tupu, kwa kuwa lahajedwali nilikuwa nimelivuruga na sikubakiza nakala ya kabla. Upande wa kina cha maji, Excel huhesabu siku moja kama 1, kwa hiyo saa 6 ni 0.25, niliongeza 0.25 kwenye kolamu yote na 3:00 ikawa 9:00, 10:00 ikawa 16:00. Ila usiongeze ukaondoka. Siku za mafuriko mzee alikuwa anasoma zaidi, na alikuwa na "saa 1" ya usiku ambayo baada ya kuongezewa ilikuwa imetua asubuhi. Zilikuwa 14, nikazipata kwa sababu mpangilio wa saa ndani ya siku ulirudi nyuma. Masomo hayo niliyahifadhi kama mfululizo usio na hatua sawa, wenye IR mahali pa hatua, ambapo kila thamani inakuja na saa yake. Mwanzoni nilikuwa nimeyalazimisha kwenye hatua ya saa 12, na hiyo nayo ilikuwa uongo mdogo, kwani kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni hakuna saa 12.

Mvua nilibaki na hatua ya siku moja lakini nikaweka mwanzo saa 0900 badala ya 2400. DSS inakubali siku inayoishia saa 3 asubuhi, mradi umeiambia. Vilevile nilikuta nimeichagulia mvua aina ya INST-VAL, ambayo ni ya kitu unachokiona papo kwa papo kama kina cha mto, wakati mvua ya kipindi ni PER-CUM, iliyojumlishwa. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Labda ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha.

Kwa kuwa sikuiamini tena saa yoyote, nikamuuliza mwenzangu wa Songea saa ya kifaa chake cha darajani. Kilikuwa kwenye saa ya Greenwich. Saa 3 nyuma yetu. Alikuwa anajua, ila hakuandika popote kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu pesa: malipo ya mwisho ya mkataba yalichelewa miezi 2 kwa sababu ripoti ilichelewa, na mwezi mmoja kati ya hiyo nilikopa kodi ya nyumba kwa shemeji. Wiki zile 3 za kubembeleza modeli hakuna aliyenilipa, na sawa tu.

Nilipoendesha modeli na data mpya, muda wa maji kusafiri nikiwa nimeurudisha pale ulipokuwa kwenye hesabu yangu ya kwanza kabisa, nguzo ya mvua ilitangulia na mto ukafuata. Haukulingana vizuri hivyo. Kilele kilikuwa kifupi kuliko cha kweli, na bado ni kifupi. Lakini ulifuata.

Binti wa kuingiza data sasa ana kolamu mbili za saa, moja anaandika kama ilivyo daftarini, nyingine Excel inajibadilishia. Ni wazo lake mwenyewe; mimi nilitaka kumwambia abadilishe kichwani, akasema, "Kaka, nikichoka jioni nitabadilisha mara mbili." Na mvua anaingiza alama ileile aliyoiona, kistari kikiwa kistari.

Kuna kituo cha pili, juu zaidi mlimani, chenye miaka 4 ya mvua. Msomaji wake alifariki kabla ya mradi wetu kuanza. Daftari lake lina vistari na lina nafasi tupu kama la mzee, ila vistari vinakuja 5 au 6 mfululizo katikati ya masika wakati bondeni kunanyesha, halafu nafasi tupu zinatokea kiangazi. Huenda kwake ilikuwa kinyume. Mkewe hakumbuki. Nimehifadhi mfululizo huo ghalani kama ulivyo, mahali pa kistari na pa nafasi tupu pote nimeacha pengo, na kwenye kipande cha mwisho cha anwani nimeandika SHAKA.